Mafundi Watatu, Bei Tatu

Ndugu mkulima, leo hatuzungumzii mbolea wala mbegu. Tunaingia ndani ya nyumba yako, tukae karibu na jiko, tuone kwa nini moshi unarudi machoni, na kwa nini mafundi watatu uliowaita walitazame jiko hilo hilo moja wamekutajia bei tatu zisizofanana hata kidogo.

Maneno haya yanawahusu zaidi wenzetu wa nchi za baridi: Makete, Njombe, Mbeya vijijini, Lushoto huko Usambara, na majirani zetu wa Limuru na Kinangop nchini Kenya. Wewe wa Kilwa au Pangani unaweza kusoma hivi hivi tu, ila hesabu ya bei itakufaa siku utakapotafuta fundi wa kisima au wa paa. Huko juu, unapoingia mwezi wa Juni, mambo hubadilika. Asubuhi umande umeganda juu ya majani, vidole havishiki jembe, na jiko la kuni lenye bomba si la kupikia tu. Ndilo linalopasha joto nyumba nzima. Wazee hukaa hapo, mtoto mchanga huogeshwa hapo, na mbegu za mahindi huning'inizwa juu yake zikauke.

Basi jiko hilo likiharibika, watu hufanyaje? Wengi huliacha, wakaingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha na mlango, wakalala. Ndugu yangu, usifanye hivyo hata usiku mmoja. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho kama moshi wa kuni. Unasikia kichwa kizito, unadhani ni usingizi, na huamki tena. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za namna hiyo, mara nyingine watu wa nyumba nzima. Hata moshi wa kila siku nao haukosi kuua, ila huua polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana na kupika kwa kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa.

Kwa hiyo kutengeneza jiko si anasa. Tatizo ni fedha, na fedha ya mkulima ina msimu wake. Viazi vimeuzwa, mahindi yanaingia ghalani, na mafundi nao wanajua kwamba mfuko wako hauko mtupu. Hapo ndipo bei tatu zinapokuja.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, lichunguze jiko mwenyewe. Mgonjwa asiyejua anaumwa wapi huuziwa dawa zote dukani. Ngoja jiko lipoe kabisa, ikiwezekana siku nzima. Funga gunia kuukuu kwenye kamba pamoja na jiwe dogo, lishushe ndani ya bomba la moshi, lipandishe na kulishusha mpaka masizi yaishe. Utashangaa kiasi kitakachotoka. Mara nyingine utatoa na kiota cha ndege. Kisha weka kioo kidogo chini ya bomba na utazame juu. Kama huoni mbingu, bado kuna kitu kimeziba.

Halafu washa kuni kavu. Nasema kavu, si zile za miwati zilizokatwa juzi. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto wako unatumia nguvu kuyachemsha maji hayo kabla haujakupasha wewe joto. Moshi wake ni mzito, unapoa ndani ya bomba na kuacha utomvu mweusi kama lami. Kuni zikikaa miezi sita zimepasuliwa na kufunikwa juu, jiko hilo hilo ulilodhani limekufa linaweza kufufuka bila fundi. Nimewahi kuona mtu ametoa fedha ya gunia kadhaa za viazi kumlipa fundi, kumbe dawa ilikuwa kujenga kibanda cha kuni.

Ikiwa umesafisha, kuni ni kavu, na moshi bado unarudi, tafuta unatokea wapi. Fungua madirisha, watoa watoto nje, weka majani mabichi kidogo juu ya moto mdogo, kisha mwenzako juu ya paa afunike mdomo wa bomba kwa gunia lililoloweshwa, kwa muda mfupi tu. Moshi utakuonyesha kila ufa na kila kiungo kilicholegea. Weka alama kwa chaki. Toka nje utazame bomba: mdomo wake umepita kilele cha paa? Kama umeishia chini ya kilele, upepo unaovuka paa utausukuma moshi urudi ndani, na hakuna kuziba nyufa kutakakoponya jambo hilo. Mwisho chukua msumari, choma matofali ya ndani pale moto unapokaa. Likiwa gumu, jiko lina uhai. Likimomonyoka kama ugali mkavu, hilo la kujenga upya. Weka na fimbo iliyonyooka juu ya bamba la chuma uone kama limepinda.

Sasa unajua unachotaka. Ndipo uwaite mafundi.

Wewe muuza viazi unalijua jambo ninalotaka kukueleza kuliko mimi. Anakuja mnunuzi mmoja anakwambia, gunia nitachukua kwa elfu sitini. Wa pili anasema elfu hamsini. Mwenye haraka humkimbilia wa kwanza. Lakini wa kwanza anataka lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa na kushonewa kamba mpaka limefika kilo 130, na wa pili anapima kwa mizani kilo 100 basi. Piga hesabu: wa kwanza anakupa shilingi 461 kwa kilo, wa pili 500. Aliyetaja bei kubwa ndiye anayekupunja. Bei za mafundi ni hivyo hivyo, ila safari hii lumbesa imefichwa ndani ya maneno.

Tuchukue mfano. Bei hizi nimezitunga ili tufanye hesabu tu, usiende nazo kugombana na fundi wa kijijini kwako. Fundi wa kwanza anasema: "Mzee, laki moja na themanini, kazi na vifaa, wewe kaa tu." Wa pili anasema: "Elfu sabini." Wa tatu anazunguka jiko, anagonga gonga, halafu anasema: "Elfu tisini."

Kwa masikio, wa pili ndiye rahisi. Lakini muulize. Elfu sabini yake ni ufundi peke yake, vifaa vyote juu yako. Basi kaa chini uhesabu. Matofali ya kuchoma 200 kwa shilingi 200, ni 40,000. Pande tatu za bomba la chuma kwa 22,000, ni 66,000. Bamba la juu 45,000. Wavu wa kuchujia majivu 12,000. Kuleta udongo wa kichuguu na mchanga 15,000. Hivyo vifaa ni 178,000. Ongeza ufundi wake 70,000, unapata 248,000. Na bado anakula kwako. Yeye na kibarua wake, siku tatu, tuseme 3,000 kwa mtu kwa siku, ni 18,000 nyingine. Sasa tumefika 266,000. Yule wa elfu sabini ndiye huyo.

Rudi kwa wa kwanza. Laki na themanini, vifaa ndani. Je, bomba ni la namna gani? Anajibu, la bati. Bamba? "Hili la zamani linafaa, mzee." Lakini wewe umeliwekea fimbo na umeona limepinda. Mwambie akupe bei ya bomba la chuma na bamba jipya. Anakuna kichwa, anasema bomba la chuma litamfikisha 235,000, na bamba ni 45,000 juu yake. Jumla 280,000. Chakula anajitegemea. Kumbe wa kwanza na wa pili wanapishana shilingi 14,000 tu, wala si ile laki moja na elfu kumi uliyoisikia mwanzo.

Na wa tatu? Huyu hajengi upya. Elfu tisini yake ni kuweka bomba jipya la chuma, kuliinua lipite kilele cha paa, na kuziba nyufa. Vifaa vimo. Wenzake wanauza jiko jipya, yeye anauza matengenezo. Huwezi kumlinganisha nao mpaka umejibu swali moja, na jibu lake unalo kwenye ule msumari. Kama matofali ya ndani ni magumu, fundi wa tatu ndiye aliyekuambia ukweli, na hata ukimlipa 45,000 nyingine akubadilishie bamba, unakuwa umetumia 135,000, nusu tu ya bei ya wenzake. Kama matofali yanamomonyoka, elfu tisini yake ni fedha ya kutupa, maana bomba zuri juu ya jiko bovu ni kofia mpya kichwani mwa mgonjwa.

Wengine huniuliza, mbona usigawanye bei kwa miaka? Ni njia nzuri. Matengenezo ya 90,000 yakidumu miaka mitatu ni 30,000 kwa mwaka. Jiko jipya la 266,000 likidumu miaka kumi ni 26,600 kwa mwaka. Lakini hiyo miaka mitatu na hiyo miaka kumi nani kaitaja? Ni fundi mwenyewe. Kwa hiyo usimwulize litadumu miaka mingapi. Mwambie akupeleke kwenye nyumba ambamo alijenga jiko miaka mitano iliyopita. Ongea na mama mwenye jiko, si na baba mwenye nyumba. Mama ndiye anayejua moshi unarudi siku ya upepo wa upande gani. Fundi mwenye cheti cha chuo cha ufundi ni vizuri, nami nawaheshimu, lakini cheti hakivuti moshi.

Sasa tuje kwenye jambo litakalokuepusha na hesabu zote hizi za kufukuzana. Andika karatasi ya kazi kabla hawajaja, kila fundi umsomee karatasi hiyo hiyo, na kila mmoja atoe bei kwa hiyo. Kama huandiki vizuri, mwanao wa shule aandike. Si lazima iwe ndefu. Ila yapo mambo ambayo yakiachwa ndiyo hugeuka ugomvi, nami nitakaa hapa kidogo.

La kwanza ni bomba: chuma au bati, upana wake, na pande ngapi. Bati lenye mpako wa zinki halifai pale karibu na moto. Mpako huo huungua kwa joto kali, moshi wake si mzuri kwa mtu, na bati lenyewe hutoboka upesi. Kipande cha chini kiwe chuma cheusi, kinene. La pili ni pale bomba linapopita darini. Mbao za kenchi zisiliguse wala kulikaribia. Acha nafasi ya karibu nusu mita kati ya bomba na mbao, au kama nafasi haipo fundi aeleze kwa maneno atazuiaje joto. Na kama nyumba yako ni ya nyasi, bomba lisipite kwenye paa hilo kabisa. Jenga jiko kwenye kibanda chake chenye bati.

Hapo naomba nitoe la kwangu. Mwaka 2009 nilipohamia nyanda za juu nilimchukua fundi wa bei ya chini kuliko wote, nikajiona mjanja. Hakukuwa na karatasi. Alipitisha bomba la bati kando ya boriti, akaziba kwa udongo, kazi siku moja, akaenda zake. Baridi ya kwanza tulifurahi. Baridi ya pili, usiku mmoja, mke wangu akasema anasikia harufu ya mbao. Nikapanda na tochi. Boriti ilikuwa nyeusi kama mkaa upande mmoja, urefu wa mkono, na bomba limetoboka hapo hapo. Tulimwaga maji, tukalala kwa jirani. Fundi nilipomtafuta aliniambia, "Mzee, wewe hukusema habari ya boriti." Na kweli, sikusema. Ndiyo maana leo nasema.

La tatu ni tundu la paa. Nani ataliziba ili mvua ya Novemba isiingie? Fundi mwashi atasema hiyo ni kazi ya fundi bati, na fundi bati hajaitwa. Andika. La nne ni udongo wa kujengea. Mafundi wengine hupenda saruji kwa sababu inakauka upesi na inapendeza machoni. Ndani pale moto unapokaa, saruji hupasuka na kudondoka. Ijengwe kwa udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, na saruji ibaki nje au kwenye msingi. Halafu mambo madogo: mlango mdogo wa kutolea masizi chini ya bomba, kofia ya bomba, nani atabomoa jiko la zamani na takataka ziende wapi, nani analeta ngazi, siku ngapi, na chakula ni cha nani.

Unaweza pia kupunguza bei kwa mkono wako. Kama una matofali yako uliyochoma mwaka jana, kama kijana wako anaweza kuchimba udongo, yaandike hayo na fundi ayatoe kwenye bei yake. Lakini usijidanganye kwamba kazi yako ni bure. Siku tatu za kubeba udongo wakati jirani anavuna mahindi zina bei yake, nawe unaijua.

Nikumbushe pia habari ya umeme, maana wapo wanaosema, mimi nitanunua hita niachane na mafundi. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa moja hula uniti mbili. Ukiiwasha saa nne kila jioni ni uniti nane, na kwa mwezi 240. Tazama bei ya uniti kwenye risiti yako ya LUKU, uzidishe. Kwa aliye na watoto wengi na shamba dogo, naona kuni kavu na bomba zuri bado vinashinda.

Haya, umemchagua fundi. Malipo je? Usitoe fedha yote mkononi hata kama ni shemeji yako, na hasa kama ni shemeji yako. Vifaa nenda mkanunue pamoja, risiti ibaki kwako. Fedha ya ufundi igawe mara tatu: sehemu moja anapoanza, ya pili bomba linapokuwa limetoka juu ya paa na tundu limezibwa, na ya tatu baada ya jiko kuwaka siku kumi na nne. Fundi akilalamika kuwa siku kumi na nne ni nyingi, mweleze sababu, maana yeye mwenyewe anaijua. Jiko jipya la udongo lina maji ndani ya kuta. Siku za mwanzo linawashiwa moto mdogo tu, wa vijiti, kidogo asubuhi na kidogo jioni, likauke taratibu. Likiwashiwa moto mkubwa siku ya kwanza, mvuke unapasua kuta, na hapo wewe utasema fundi mbaya na fundi atasema mwenye nyumba mbaya. Nyufa za kweli zitaonekana baada ya kukauka. Azizibe, ndipo amalizie fedha yake.

Makubaliano yote yaandikwe kwenye ile ile karatasi ya kazi, bei chini yake, sahihi zenu wawili, na mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo mbele ya baraza ni vigumu kuuthibitisha. Karatasi nayo fanya mbili, moja yako moja yake. Fundi mzuri hachukii jambo hilo. Wapo wanaolipenda, kwa sababu wao nao wamewahi kujengea mtu jiko wakalipwa ahadi.

Wakati mzuri wa kuwaita ni mwezi wa Mei, mvua zikiisha na baridi haijakaza. Udongo unapatikana, paa linapandika bila kuteleza, na fundi bado hana wateja kumi wanaomngoja mlangoni. Ukimwita Julai, mtoto anatetemeka nyuma yako na fundi anamwona, bei utakayotajiwa ni ya mtetemeko huo. Na kama ndiyo kwanza umesikia haya na Julai imeshafika, basi anza na gunia, kamba na jiwe. Safisha bomba kesho, tafuta kuni kavu kwa jirani, ziba nyufa zilizoonekana kwa udongo wa kichuguu, na acha dirisha wazi upana wa kiganja ili jiko lipate hewa ya kuvuta. Ila bomba likiwa limetoboka karibu na mbao, au mdomo wake umeishia ndani ya paa, usiwashe humo. Kaeni kwenye chumba kimoja, mvae mablanketi, mpaka fundi afike.